Nilianguka kutoka kwenye ngazi nikiwa kazini, bosi anasema ni uzembe wangu

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, ninatunza nyumba za kupangisha Mbezi, Dar es Salaam. Nina miaka minne kwa tajiri huyu mmoja, ananilipa shilingi 250,000 kwa mwezi mkononi, mkataba wa maandishi sina. Kazi yangu ni kila kitu: kufagia, kubadilisha taa, kuzibua mabomba, kupaka rangi, kupanda juu ya bati na kuosha simtanki. Wiki tano zilizopita nilikuwa nashuka kutoka kwenye tenki na ndoo mkononi, ngazi ikateleza kwa chini kwenye marumaru za baraza, nikatua kwa miguu. Haikuwa juu sana, kama mita tatu hivi. Zahanati walinichoma sindano ya maumivu wakasema nimeteguka, kisha mzee mmoja jirani akawa ananikanda kwa maji ya moto. Mpaka leo kisigino cha kulia kimevimba, kimekuwa kipana, kiatu hakiingii, na nikikanyaga kokoto machozi yananitoka. Kiuno nacho kinauma nikikaa muda mrefu. Bosi alinipa 60,000, akasema nilikuwa mzembe na kwamba kibarua hana fidia. Anataka nirudi Jumatatu, nisiporudi ataweka mtu mwingine. Je, nirudi? Na ni kweli sina haki yoyote?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana. Umeniuliza mambo mawili, kurudi kazini na haki yako, lakini katika maelezo yako limo la tatu ambalo umelitaja kwa sentensi moja tu ukalipita, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Ni hicho kiuno. Naomba nianze nacho, kwa sababu mengine yanaweza kungoja siku mbili tatu, hilo halipaswi kungoja.

Mtu anayeanguka na kutua kwa visigino, nguvu ya anguko haiishii kisiginoni. Hupanda kwenye kifundo, ikapita kwenye muundi, goti na nyonga, ikafika kwenye pingili za kiuno, ambazo nazo hubanwa kutoka juu na uzito wa kiwiliwili kinachoendelea kushuka. Ndiyo maana sisi madaktari tunafundishwa kwamba mgonjwa akiletwa na kisigino kilichoumia kwa kuanguka, hata asipolalamika, mgongo wake ukaguliwe, kwa kuwa takriban mmoja katika kila kumi wenye kisigino kilichovunjika kwa namna hiyo huwa na pingili iliyovunjika pia. Maumivu ya kisigino ni makali kiasi kwamba mgonjwa haoni la mgongo mpaka siku zipite. Wewe unalalamika, na wiki tano zimeshapita.

Kwa hiyo jiulize sasa hivi: je, una ganzi sehemu ya kukalia, katikati ya mapaja au sehemu za siri? Mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua? Choo kinakuponyoka? Mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu unaposimama? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, acha kusoma, tafuta usafiri, nenda kitengo cha dharura cha hospitali kubwa leo hii, hata kama ni usiku. Fanya hivyo hivyo ikiwa ndama ya mguu imevimba na kuuma, au ukibanwa na kifua ghafla, maana mguu usiotembea vizuri kwa wiki nyingi unaweza kugandisha damu mishipani, na donge hilo likipanda mapafuni linaua. Kama huna dalili hizo, bado unahitaji kupigwa picha ya kiuno wiki hii, ila unaweza kwenda kwa utaratibu wa kawaida.

Sasa nirudi kwenye neno lako "haikuwa juu sana". Nalisikia karibu kila mara, kwa mgonjwa mwenyewe, kwa tajiri wake, hata kwa wahudumu wenzangu, na ni neno linalopoteza watu. Mtu anayeanguka kutoka mita tatu hutumia chini ya sekunde moja kufika chini, na anapogusa sakafu huwa katika kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Mita mbili tu humfikisha kwenye kilomita 22 na zaidi. Mwendo huo unaujua ukiwa juu ya bodaboda. Hebu fikiria bodaboda inakwenda hivyo, kisha unasimamishwa ndani ya sentimita chache na zege, na kinachopokea pigo ni visigino viwili. Huko Marekani sheria ya usalama kazini inamtaka mwajiri wa kazi za kawaida aweke kinga ya kuanguka kuanzia kimo cha futi nne, yaani kama mita 1.2, na Uingereza kanuni zao za mwaka 2005 hazitaji kimo cha chini kabisa: mahali popote mtu anapoweza kuanguka akaumia, kinga inahitajika. Kwa hiyo mita tatu ni juu. Tafadhali usimwambie daktari mwingine yeyote kwamba haikuwa juu, kwa sababu akikusikia hivyo anaweza kukupima kwa wepesi uleule uliopimwa mwanzo.

Nije kwenye kisigino. Sijakiona, na siwezi kuapa kwa kusoma maelezo tu, lakini kisigino kilichopanuka, kinachokataa kiatu wiki ya tano, baada ya anguko la namna hiyo, nitakihesabu kuwa kimevunjika mpaka picha iniambie vinginevyo. Mfupa wa kisigino nje una ganda jembamba na ndani una matundu kama ya mkate. Juu yake umekaa mfupa mwingine mdogo na mgumu, talasi, ambao ndio unaoshikana na muundi. Unapotua kwa kishindo, talasi hushuka kama kabari inayopigwa kwenye gogo. Kisigino hakikatiki vipande viwili kama mfupa wa mkono. Hupasuka, hudidimia katikati na kutanuka pembeni. Huo upana unaouona ni mfupa wenyewe uliotanuka, si uvimbe peke yake, na ndiyo maana haupungui ukilala.

Nakumbuka fundi mmoja wa majengo aliyeingia chumbani kwangu akikanyagia ubavu wa nje wa mguu, akaniambia ameteguka tu na anataka dawa ya kupaka. Nilimwomba apande kitandani anigeuzie unyayo. Katikati ya unyayo, pale kwenye uvungu, palikuwa na doa la zambarau lenye ukubwa wa kisahani cha chai. Mguu ulioteguka huvilia damu pembeni, chini ya kifundo. Damu inayotokea unyayoni mara nyingi inatoka ndani ya kisigino. Picha ilionyesha mfupa umepasuka vipande vingi, naye alikuwa ameutembelea siku tatu. Nakueleza haya kwa sababu wengi wanaamini kwamba anayeweza kukanyaga hajavunjika. Si kweli. Watu hutembelea visigino vilivyovunjika kwa uchungu, kwa sababu nyumbani kuna watoto na kodi ya nyumba inadaiwa.

Zahanati uliyokwenda huenda haina mashine ya eksirei, na mhudumu alifanya alichoweza; kosa lilikuwa kutokukupeleka mbele. Mzee wako naye alikusudia kheri. Lakini mkando wa nguvu juu ya mfupa uliopasuka husogeza vipande, na maji ya moto katika siku za mwanzo huongeza uvimbe pale ambapo ngozi tayari imetuna na kukaribia kutoa malengelenge. Mshukuru, na umwambie daktari amekataza. Kuanzia leo asiguse tena kisigino wala kiuno.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili ukiweza kupata rufaa, na uombe picha za kisigino kwa ubavu na kwa nyuma, picha za kiuno, na ikionekana mvunjiko umefika kwenye kiungo, kipimo cha CT. Waambie wakague na kisigino cha kushoto, maana ulitua kwa miguu yote miwili. Mpaka hapo, tembelea magongo, usiuwekee uzito mguu wa kulia, na ukikaa uinue juu ya mto au ndoo iliyopinduliwa. Kama unavuta sigara, hii ndiyo wiki ya kuacha, kwa sababu moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Nikwambie ukweli juu ya matibabu, hata kama si wa kufurahisha. Upasuaji wa kupanga vipande na kuvifunga kwa bamba na skrubu hufanywa vizuri zaidi ndani ya wiki mbili hadi tatu za mwanzo, uvimbe ukishashuka na ngozi ikaanza kukunjana. Muda huo umepita. Wiki ya tano mfupa umeshaanza kuunga ulivyo. Si kwamba umepoteza kila kitu. Hata wanaofika mapema, si wote wanaopasuliwa, kwa sababu ngozi ya kisigino ni nyembamba, kidonda chake hushambuliwa na wadudu kwa urahisi, na wako wengi waliotibiwa bila kisu wakapona vya kutosha. Kwako huenda ikawa ni kupumzisha mguu kwa wiki kadhaa zaidi bila kuukanyagia, kisha mazoezi ya kukilegeza kifundo, kisha viatu vipana vyenye soli laini. Iwapo baada ya mwaka hivi kiungo cha chini ya kifundo kitakuwa kinasaga na kuuma, kuna upasuaji wa kukigandisha kiungo hicho ili maumivu yaishe, na gharama yake ni kwamba mguu hautageuka tena kulia na kushoto. Sitakuahidi kwamba utarudi kuwa kama zamani. Kisigino huendelea kupata nafuu hata mwaka mmoja na nusu au miwili, lakini wengi hubaki na ugumu wa kutembea penye mabonde na kokoto, na wa kusimama kwenye kidaraja cha ngazi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, usirudi Jumatatu kufanya kazi uliyokuwa ukiifanya. Kupanda ngazi ukiwa na kisigino hicho si suala la kuvumilia maumivu. Mguu unaouma hujiondoa wenyewe kabla akili haijaamua, na ukijiondoa ukiwa mita tatu juu, utaanguka mara ya pili, safari hii pengine kwa kichwa. Najua una familia na sina wepesi wa kukwambia ukae nyumbani. Kama daktari atakayekuona ataridhika na kiuno chako, mwombe aandike kwenye cheti kwamba unaweza kazi ya kukaa tu: kusoma mita, kuandika risiti za wapangaji, kusimamia mafundi wengine. Bosi akikubali, iwe kwa maandishi, na ngazi isiwemo.

Sasa hilo neno "uzembe", ambalo naona limekuumiza kuliko kisigino. Hebu tuitazame ngazi. Ngazi ya kuegemeza husimama salama pale mguu wake unapotoka ukutani mita moja kwa kila mita nne za kimo. Ukiutoa nje zaidi ya hapo, uzito wa mpandaji husukuma mguu wa ngazi kwenda nje, na kinachouzuia ni msuguano peke yake. Juu ya marumaru zilizolowa maji ya tenki, msuguano huo karibu haupo. Viatu vya mpira vya ngazi vikishalika, umebaki na bomba la alumini juu ya kigae chenye maji. Kisha mpandaji ana ndoo mkononi, na anayeshuka na ndoo hawezi kuwa na mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika ngazi wakati wote, ambayo ndiyo kanuni ya kwanza ya kupanda. Na chini hapakuwa na mtu wa kushikilia.

Je, ni nani aliyeweka marumaru laini mahali ambapo ngazi husimikwa kila wiki? Nani alinunua ngazi, au hakununua ukaazima kwa jirani? Nani alijenga mnara wa tenki bila ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani na reli ya kushikilia? Nani aliamua kwamba kazi hii inafanywa na mtu mmoja? Si wewe katika hata moja ya hayo. Mkono wa mwanadamu huteleza, kila mkono, siku moja kati ya siku nyingi. Mpango wa kazi unaomtegemea mtu asiteleze hata mara moja kwa miaka minne ni mpango mbovu, na mwenye mpango ni mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inampa yeye wajibu wa kufanya mahali pa kazi pawe salama, na wajibu huo hauondoki kwa sababu mahali penyewe ni nyumba za kupangisha na si kiwanda.

Huenda bosi akajibu kwa kununua mkanda wa usalama. Naomba umwambie hili, kwa sababu wengi hawalijui: mkanda wenye kamba ya mita mbili na kifyonza pigo unahitaji karibu mita sita za nafasi wazi chini ya mahali ulipofungwa ndipo uweze kumkamata mtu kabla hajagusa ardhi. Kwenye tenki la mita tatu, kamba hiyo itanyooka wakati wewe umeshatua. Zaidi ya hapo, unaufunga wapi, kwenye paipu ya plastiki? Kinachofaa hapo ni ngazi ya chuma ya kudumu, koki ya kutolea tope chini ya tenki na brashi ya mpini mrefu, ili safari za kupanda zipungue, na ndoo ipandishwe kwa kamba.

Kuhusu haki yako. Tanzania Bara tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao umekuwa ukikusanya michango ya waajiri tangu Julai 2015. Mfuko huo haukujengwa juu ya swali la nani alikuwa mzembe. Swali lake ni moja: je, uliumia kwa sababu ya kazi na ukiwa kazini? Mtu aliyekusudia kujiumiza au kuvunja amri kwa ukaidi mkubwa ni habari nyingine. Kuteleza si ukaidi. Mafao yake ni pamoja na gharama za matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, na malipo ya ulemavu wa kudumu iwapo utabaki nao. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aijue, na yeye ameshachelewa, lakini kuchelewa kwake hakukufungii wewe mlango: una miezi 12 tangu siku ya ajali. Asipopeleka yeye, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya WCF na vyeti vyako. (Msomaji wa Zanzibar ana utaratibu wake, na wa Kenya ana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007.)

Na ukibarua? Hilo nalo si la bosi kuamua kwa mdomo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yale iliyoyataja: anaelekezwa namna ya kufanya kazi au saa za kuifanya, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya karibuni, anamtegemea kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi naye, au hamfanyii mwingine. Wewe unayo karibu yote. Kutokuwa na karatasi ni kosa la aliyetakiwa kukuandikia hiyo karatasi.

Kinachokupungukia ni ushahidi, na huo huanza kufutika mapema. Hifadhi ujumbe wote wa simu ambao bosi anakutuma kazi. Piga picha ya ngazi, hasa viatu vyake vya chini, ya mnara wa tenki na ya zile marumaru, kabla hazijabadilishwa. Waombe wapangaji wawili waliokuona siku ile wakuandikie walichoona. Kadi ya zahanati usiitupe, hata kama imeandikwa "kuteguka", kwa sababu ina tarehe. Kisha mwandikie bosi ujumbe wa adabu, mfupi, kwa mfano: "Shikamoo bosi. Tarehe fulani, saa fulani, nikiwa kazini nikisafisha tenki kama ulivyonituma, ngazi iliteleza nikaanguka nikaumia kisigino na kiuno. Bado ninaumwa na ninakwenda kupigwa picha. Nitakuletea cheti cha daktari. Naomba ajali hii itolewe taarifa WCF." Ujumbe huo mmoja unabeba tarehe, mahali, agizo la kazi na taarifa, na hauna neno la ugomvi.

Zile 60,000 zichukulie kama pole. Kama ataleta karatasi uandike kwamba umelipwa na huna dai tena, usisaini, kwa sababu hali ya mwisho ya kisigino hicho hakuna anayeijua leo, hata mimi. Na kama Jumatatu ataweka mtu mwingine kweli, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kabla ya siku 30 tangu siku aliyokuondoa, maana shauri la kuachishwa kazi lina muda huo tu.

Hospitalini watakuwa na haraka, kwa hiyo yaseme haya mapema, kwa mpangilio huu: nimeanguka mita tatu nikiwa kazini, nimetua kwa visigino, ni wiki ya tano, kisigino kimepanuka na kiuno kinauma. Hakikisha maneno "nikiwa kazini" yameandikwa kwenye faili, kwa sababu WCF watayatafuta humo. Omba nakala za picha uondoke nazo, na ukishapata majibu niandikie tena, unieleze hasa walichokisema juu ya kiuno.